Mbuzi Watatu na Pete ya Waithera

Sehemu ya Tisa

Tulipoachana Jumamosi iliyopita, Stellah alikuwa nyuma ya kabati la vioo, gauni lake la buluu limenyooshwa kwa pasi, nywele zimesukwa jana yake pale Kangemi, tabasamu tayari usoni. Mlango wa duka ulifunguka. Njuguna akaingia. Nyuma ya Njuguna akaingia mama yake, akatua mkoba juu ya kioo, akasema, "Msichana, tuonyeshe pete. Ni ya bibi harusi wetu, Waithera."

Ninyi mlioliandikia gazeti hili mkiapa kwamba Njuguna hawezi, kijana mwenye macho ya upole kama yale hawezi, leo someni mkiwa mmekaa.

Aliyetukuta njiani asipotee. Stellah ni binti wa Mzee Kilonzo wa Mwala, na anauza vito katika duka la ghorofa ya pili katikati ya jiji. Ana mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne, Wavinya, na baba wa mtoto ni huyu huyu Njuguna. Wiki tatu zilizopita mbuzi watatu wa ntheo walipelekwa Mwala. Kwa Wakamba, mbuzi hao wakipokewa na nyama ikaliwa, binti ni mke wa mtu hata kama kidoleni hajavaa kitu. Lililobaki lilikuwa kanisa na pete. Na jana jioni Njuguna alimtumia ujumbe: "Kesho saa tano nakam kuchagua pete. Vaa poa."

Alivaa poa.

Sasa alisimama akisubiri Njuguna acheke, aseme mama alikuwa akimtania. Njuguna alikwenda kwenye kabati la saa, akaanza kuzikagua moja moja kama mtu aliyetumwa kuzihesabu.

"Ama hamuuzi?" aliuliza mama.

Huyo ndiye Virginia, mjane wa Mountain View, mwenye nyumba za kupangisha, mwanamke ambaye wapangaji husikia viatu vyake kabla hajafika langoni. Stellah alikuwa hajawahi kusimama karibu naye. Kwa miaka mitatu Njuguna alikuwa akimwambia muda bado, mathe ana presha, ngoja kidogo.

Stellah alileta trei. Mikono ilijua kazi yake hata kama moyo ulikuwa umezima.

Virginia alitaka pete yenye mawe yanayozunguka kidole chote bila pengo. Stellah alimweleza, kwa ile sauti ya dukani, kwamba pete ya namna hiyo haiongezwi wala haipunguzwi ikishatengenezwa, kwa hiyo saizi lazima iwe kamili mara ya kwanza. Virginia akauliza bei ya zile za almasi ya kuchimbwa. Alipotajiwa, alisonya. Ndipo Stellah akavuta trei ya chini, ya almasi za maabara.

"Hizi ni feki," alisema Virginia.

Si feki, Stellah alimwambia. Ni almasi kamili. Hukuzwa ndani ya mashine kutoka kwa kipande kidogo kama mbegu, zikakua kwa wiki chache badala ya kukaa ardhini miaka isiyohesabika. Ugumu ni ule ule, mng'ao ni ule ule. Hata kile kifaa cha kupimia pale dukani hulia vile vile kikigusa jiwe la shimoni na kikigusa la maabara. Kinachosema ukweli ni kadi inayofuatana na pete.

Virginia aliigeuza pete kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza akaonekana kufurahi. "Kwa hivyo bila kadi hakuna mtu anajua."

"Mtaalamu mwenye mashine kubwa atajua, mama."

"Watu wa Kitisuru hawaendi harusini na mashine kubwa. Kadi mtabaki nayo."

Hapo Stellah alielewa mambo mawili kwa pamoja. Kwamba huyo Waithera ni mtoto wa wenye nazo wa Kitisuru. Na kwamba anadanganywa hata kabla hajaolewa. Alijaribu kumchukia, akashindwa. Alijikuta anamwonea huruma, kama mtu anayemwonea huruma mwenzake aliye kwenye foleni ile ile.

Virginia alimgeukia mwanawe, akamuuliza saizi ya kidole cha Waithera.

Njuguna hakugeuka. "Si ni... ni kama ya huyu tu."

Huyu. Mwanamke aliyemshika mkono chumba cha kujifungulia mpaka kucha zikamwingia nyamani. Huyu.

"Lete kidole," alisema Virginia.

Stellah alimwambia kuna pete za kupimia, za chuma, zimefungwa pamoja kama funguo, ndizo hutumika. Virginia hakutaka chuma. Alitaka kuona vile pete itakaa kwa mkono wa mtu. Akamshika Stellah mkono wa kushoto, akaulaza juu ya kioo, akaitia pete. Kidole kilikuwa kimevimba kwa kufua nepi alfajiri. Pete ilikwama kwenye kifundo. Virginia akaisukuma kwa dole gumba, taratibu, bila haraka, mpaka ikapita na Stellah akauma midomo.

"Imekaa vizuri," alisema Virginia. "Sasa toa."

Haikutoka.

Walijaribu sabuni. Walijaribu mafuta ya mikono. Kuikata haikuwezekana, kwa sababu mawe yamezunguka kote, na ukikata umeharibu pete nzima. Ilibidi aitwe Mzee Oyoo, sonara wa duka, ambaye alitoka chumba cha nyuma na miwani juu ya paji la uso. Alikitazama kidole, akamketisha Stellah kwenye benchi lake la kazi, akachukua uzi mwembamba. Alipenyeza ncha chini ya pete, akaanza kukizungushia kidole, mzunguko baada ya mzunguko, akikibana ili uvimbe ushuke. Ni kazi ya subira. Alimwomba Stellah asitikisike hata kidogo.

Virginia alivuta kiti akakaa mbele yake.

"Vizuri," alisema. "Sasa hutaenda mahali. Tuongee."

Basi hakuja hapa kwa bahati. Maduka ya vito yamejaa mji mzima, na huyu mama alikuwa amepanda ngazi za hili moja akijua nani yuko nyuma ya kioo. Na ule ujumbe wa jana, "Vaa poa", ni nani aliyeuandika? Stellah alimtazama Njuguna. Njuguna alitazama saa.

Mwingine angelia. Stellah alikuwa na mtoto, na mwenye mtoto hulia baadaye. Alivuta pumzi.

"Mama," alisema, "mimi ni mke wa Njuguna. Mbuzi wake waliliwa kwa baba yangu. Hawezi kusimama kanisani na mwingine nikiwa hai na nikiwa sijakubali."

"Mke." Virginia alilitamka kama anayeonja maziwa ya jana. "Na una mtoto, nasikia. Unasema ni wetu."

"Ni wenu."

"Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Hata mlevi hasahau hiyo. Angekuwa wa Njuguna angeitwa Virginia. Huyo wako anaitwaje?"

"Nyumbani tunamwita Wavinya."

Virginia alimtazama Mzee Oyoo kama anayemtaka awe shahidi, akacheka kwa pua.

"Kwa kadi ya kliniki," Stellah aliendelea, na sauti yake haikupanda, "ameandikwa Virginia. Njuguna ndiye alijaza, na mkono wake. Sista akamuuliza hilo ni jina la nani. Akasema, la mathe wangu."

Uzi ulisimama mkononi mwa Mzee Oyoo.

Virginia aligeuka polepole. "Wewe. Ulipatia mtoto jina langu na hukuniambia?"

Njuguna aliguna jambo lisiloeleweka. Kwapa za shati lake zilikuwa zimelowa. Mama yake alimkazia macho, kisha akamrudia Stellah, na uso wake ulikuwa umelegea, ukawa uso wa nyanya yeyote yule. Aliuliza mtoto anafanana na nani. Stellah akamwambia, taratibu, asije akauharibu wakati ule, kwamba ana paji la uso la nyanya yake, na meno ya mbele yameota na pengo hilo hilo. Kwamba akikasirika hukunja mikono kifuani kama mtu mzima. Virginia aliziba mdomo kwa kiganja. Macho yalimng'aa.

Stellah alidhani ameshinda.

"Njuguna," alisema Virginia, "mwonyeshe ile kitu. Tumalize kabla sijaanza kumpenda huyo mtoto."

Njuguna alisema si lazima. Mama yake alinyoosha mkono tu, na yeye, mwanamume wa miaka thelathini na moja, akampa simu.

Ilikuwa video. Stellah aliutambua ua wa nyumbani kwao Mwala, tangi la maji lenye kutu, viti vya plastiki vya kuazima kanisani. Aliwaona mbuzi watatu. Aliwaona wazee wamekaa, na katikati yao baba yake amevaa koti la harusi yake mwenyewe, shingo imenyooka, macho yake yenye ukungu yakitafuta sauti inatoka wapi. Na mbele ya wazee, kamba ya mbuzi mkononi, alisimama kijana mwembamba mwenye kofia.

Hakuwa Njuguna. Alikuwa Norman.

Norman ni dereva wa pikapu ya Virginia, rafiki wa Njuguna tangu shule. Ndiye aliyekuwa akimletea Stellah unga na nepi kwake Uthiru kila Njuguna alipokuwa na shughuli.

Katika video, mjomba wake Muindi aliuliza kwa Kikamba, kisha kwa Kiswahili, ni nani mwenye mbuzi hawa. Norman akasema, "Ni mimi." Mjomba akauliza ni nani anayemwoa binti yetu, pamoja na mtoto wake. Norman akavua kofia. "Ni mimi, wazee. Naitwa Norman." Wanawake wakapiga vigelegele. Baba yake alinyoosha mikono yote miwili, akamgusa uso kijana yule, akamwita mwanangu.

Jumamosi ile ya ntheo Stellah alikuwa kwenye benchi la hospitali, Wavinya kifuani na nimonia, na Njuguna kwa simu akimwambia usijali, mimi nitawakilisha. Jioni baba yake alimpigia. Alisema, kijana wako ni mpole, anakula kidogo. Stellah alicheka, kwa sababu Njuguna humaliza sufuria. Alidhani aliona haya mbele ya wakwe. Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumtaja kwa jina. Walimwita Baba Wavinya, basi.

"Mliendea baba yangu," alisema Stellah.

Njuguna sasa alisema mengi kwa mara moja. Kwamba aliogopa ikijulikana Kitisuru kwamba ametoa mbuzi. Kwamba ilikuwa ya kutuliza mzee tu, Norman asimame mahali pake, wazee hawaoni vizuri, mambo yatarekebishwa baadaye. Kwamba yeye mwenyewe hakujua kwamba kwa Wakamba anayeshika kamba na kujitaja ndiye mume.

"Mimi nilijua," alisema Virginia. "Niliuliza kabla mbuzi hawajapakiwa. Nina wapangaji Wakamba kumi na wawili."

"Kwa hivyo mimi ni nani?" Stellah alimuuliza Njuguna.

Aliyejibu ni mama. "Wewe ni bibi ya dereva."

Simu ya Stellah ililia juu ya benchi. Ilikuwa mbovu, haisikiki ila kwa spika, kwa hiyo alipoipokea kwa mkono wa kulia, duka zima lilisikia. Ni Kaluki, jirani wa Uthiru anayebaki na Wavinya mchana. Alikuwa na furaha tele.

"Mama Wavinya, umetuficha. Hongera. Kumbe mumeo ni huyu wa pikapu na sisi tunadhani ni wa kuleta unga."

Stellah alimuuliza anasema nini.

Kaluki akaeleza, bila kujua anachoeleza. Norman alikuja saa nne, amevaa suti, akasema amekuja kuchukua mtoto wake. Kaluki alikataa, yeye si mjinga. Ndipo Norman akampigia Mzee Kilonzo, akampa Kaluki simu waongee. Mzee mwenyewe akasema, ntheo imeliwa, mtoto si wangu tena, mpe mwenyewe. Sasa ungekuwa wewe ungefanya nini? Akampa. Na mfuko wa nguo. Na kile kikombe cha manjano.

"Hakulia hata," alisema Kaluki. "Anamjua. Alimwita anko."

Stellah aliinua macho. Alitarajia kumwona Virginia akitabasamu. Virginia hakuwa akitabasamu. Alikuwa akimtazama mwanawe.

"Nani alimwambia achukue mtoto?"

"Si mimi," alisema Njuguna.

"Mimi pia sikumwambia."

Walitazamana, mama na mwana. Kisha Virginia alijiweka sawa kwenye kiti, kama mtu aliyerekebisha kitambaa kilichoteleza.

"Basi hayo ni mambo ya mtu na mkewe," alisema. "Mzee, hiyo pete inatoka ama haitoki?"

Mzee Oyoo alivuta ncha ya uzi. Pete ilianza kupanda, duru kwa duru, ikakivuka kifundo na kubeba ngozi kidogo. Stellah hakusikia maumivu. Virginia aliipokea kwa karatasi laini iliyolowa, akaifuta ndani, akaifuta tena, akaagiza iwekwe kwenye kisanduku chekundu, bila kadi.

Mlango wa duka hufunguliwa kwa kitufe kilicho chini ya benchi. Mzee Oyoo alikibonyeza bila kuulizwa. "Nenda, mwanangu," alisema. "Hapa nitasema nimekutuma."

Alishuka ngazi akipiga simu. Norman alipokea kwenye mlio wa kwanza.

"Sasa, bibi yangu."

Nyuma ya sauti yake Wavinya alikuwa akicheka, kile kicheko chake cha kukatika katika, na honi za Waiyaki Way zikipita. Stellah alimwambia kwamba amejua yote, kwamba Virginia amesema kila kitu, kwamba mchezo umekwisha na hakuna atakayemlaumu. Amrudishe mtoto kwa Kaluki tu. Norman alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri, Norman.

"Hao walinituma nishike kamba," alisema. "Kumpenda mke, hawakunituma. Baba yako aliuliza ni nani anaoa. Nilimjibu. Miaka mitatu nakuletea unga, unanishukuru kwa dirisha la pikapu, alafu unauliza, Njuguna hajambo?"

"Norman, tafadhali. Ametoka kupona juzi. Ana dawa ya saa nane."

"Iko kwa mfuko. Nimesoma maandishi. Kijiko kimoja."

"Uko wapi?"

"Naenda nyumbani na mtoto wangu. Nawe utakuja ukimaliza kazi."

"Nyumbani ni wapi?"

Alicheka, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililomtisha Stellah kuliko yote. "Bibi haulizi kwake ni wapi," alisema, na simu ikakatika. Alipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Stellah alisimama chini ya ngazi, watu wakimpita na mifuko yao, jua la saa sita likipiga lami. Alijaribu kukumbuka. Norman hulala wapi? Wa nyumba gani, mtaa gani, mtoto wa nani? Hakujua hata jina lake la pili. Baba yake hakumwuliza, kwa sababu kijana alikuwa mpole. Katika dunia nzima aliwajua watu wawili tu wenye kujua dereva wa pikapu ile anaishi wapi, na wote wawili walikuwa ghorofa ya pili, wakifungiwa pete.

Aligeuka, akaanza kupanda.

Walikutana katikati ya ngazi. Virginia alikuwa akishuka, kisanduku chekundu mkononi, Njuguna nyuma yake akitazama viatu vyake. Stellah alishika chuma cha ngazi akasema ombi moja tu. Hakuomba ndoa, wala radhi. Aliomba kuonyeshwa nyumba.

Virginia alimpa Njuguna kisanduku. Kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, imekunjwa mara mbili. Alikuja nayo kutoka Mountain View.

"Pasta anaanza kutangaza ndoa yetu Jumapili," alisema. "Sitaki mtu asimame kanisani kwangu aseme ana kizuizi. Hapa unasema wewe ni mke wa Norman, kwa mbuzi na kwa hiari yako, na mtoto ni wake. Weka sahihi, na Njuguna atakupeleka kwa huyo mumeo sasa hivi, mpaka mlangoni."

"Na nisipoweka?"

"Utamtafuta. Nairobi si kubwa sana."

Njuguna alifungua mdomo. Stellah alimngojea, na huenda ninyi pia mlimngojea. Akaufunga.

Stellah alinyoosha mkono, akapokea kalamu.